Hujasema, umepigia mstari

Neno la Faiz, mtoto wa dada yangu, limenikaa tangu Ijumaa. Tulikuwa barazani kwa Mama baada ya kula, yeye na kikombe chake cha kahawa, mimi na ile karatasi ya hesabu aliyoniomba: je, kwenda Marekani kuisomea upya digrii ya meno kunalipa? Aliisoma mpaka chini, akasema, “Khalati, hesabu zako zote zina jibu moja: nibaki.”

“Mimi sijasema ubaki.”

“Hujasema. Umepigia mstari.”

Akanibusu mkono kama kawaida yake, akavaa viatu, akaenda zake. Tangu hapo tumemzika jirani yetu wa Kibokoni, Zuhura kajifungua salama, mkaguzi kaja kliniki na kaondoka radhi, na mimi bado niko kwenye mstari.

Basi niandike nilichopigia mstari, kwa sababu wako vijana wengine wanaoniuliza swali hilohilo.

Daktari wa meno aliyesomea Nairobi hawezi kushuka New York akaanza kung'oa meno. Njia ya kawaida ni kufanya INBDE, mtihani wa kitaifa wa udaktari wa meno wa Marekani, maswali 500 kwa siku mbili, vyeti vitathminiwe, Kiingereza kipimwe, halafu aombe vyuo kupitia CAAPID, mfumo wa pamoja wa maombi wa madaktari wa meno waliosomea nje. Kila chuo kina ada yake ya maombi, na vingi humwita mtu kwa usaili na mtihani wa mikono, kwa nauli yake mwenyewe. Akipata nafasi husoma miaka miwili hadi mitatu na kutoka na digrii ya meno ya kule, DDS au DMD, kisha ndipo atafute leseni ya jimbo.

Ada na maisha ya miji mikubwa nimeviweka pamoja kuwa dola 300,000. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni milioni 38.7. Mkopo wa serikali yao mwanafunzi wa kigeni hapewi, na benki nyingi za binafsi hutaka mdhamini ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu. Tuseme mdhamini kapatikana na riba ni asilimia 12, deni la miaka kumi. Malipo ni dola 4,304 kwa mwezi, na mwisho wa miaka kumi atakuwa amelipa zaidi ya dola 516,000. Hapo riba ya masomoni sijaitia, na riba kwa upande wa dini sijaigusa kabisa. Hilo ni lake na shekhe wake, ingawa kwetu sote tunajua Mama atasema nini.

Mambo yakienda sawa, hesabu inakubali. Nimemwekea mshahara wa dola 150,000 kwa mwaka. Kodi ikishatoka, abaki na kama 9,000 kwa mwezi. Alipe deni, alipe nyumba na gari, amtumie mamake kitu. Ataishi kwa kubana, lakini ataishi, na mwaka wa kumi na moja pesa zote ni zake. Hilo nimeliandika pia, upande wa kulia, kwa wino uleule.

Mstari uko chini ya 4,304 kwa sababu ya kibali cha kazi. Akimaliza chuo, mwanafunzi wa kigeni hupata miezi 12 ya kufanya kazi. Digrii ya meno haimo katika zile za sayansi zinazoongezewa miezi 24. Baada ya hapo mwajiri lazima amwombee H-1B, viza ya kazi ya wageni wenye utaalamu, na kliniki ya kawaida ya binafsi inaingia kwenye bahati nasibu. Vyuo vikuu na taasisi zao zisizo za faida haviingii humo, lakini nafasi zake ni chache. Jina lisipotoka, mtu anarudi Mombasa na deni la dola na mshahara wa shilingi. Hiyo 4,304 ni shilingi 555,000 kila mwezi. Sijui kliniki hapa, kuanzia Nyali hadi Likoni, inayoweza kumlipa daktari kijana mshahara wa kubeba mzigo huo na bado ale.

Ndiyo maana nikapiga mstari. Jibu hilo lingenijia barazani, yasingekuwa haya. Badala yake nimekuwa nikimjibu kichwani nikiwa naziba meno ya watu.

Jana jioni kapita kliniki, hakukaa, kaniachia jino la plastiki ndani ya tishu. Gego la kwanza la chini, limechongwa kwa ajili ya kofia, lile gamba bandia la kufunika jino. Nikaliweka chini ya lenzi. Juu kaondoa milimita mbili sawasawa, akafuata mabonde ya jino badala ya kulisawazisha kama meza. Ukingo ni milimita moja kuzunguka pande zote, hauna meno ya msumeno. Kuta zimeegemeana kidogo tu. Wengi wakiingiwa na hofu hulaza hendipisi, kile kifaa cha kuchongea, jino likachongoka kama pia ya watoto, na kofia ya jino la hivyo haishiki. Na gego dogo la jirani, ambalo msahihishaji hulitazama kwanza, halina hata mkwaruzo. Alhamdulillahi, nilifurahi mpaka nikamwita mhudumu wangu aje aone.

Mkono kama huo unabadilisha karatasi. Nimeichukua tena na kuipandisha juu safu ya Uingereza, ambayo nilikuwa nimeibana chini. Kule hasomi upya, anafanya ORE, mtihani wa madaktari wa meno waliosomea nje, unaopima na mkono pia. Kwa viwango vya 2024, Sehemu ya 1 ilikuwa pauni 584 na Sehemu ya 2 pauni 4,235. Ongeza IELTS, mtihani wa Kiingereza, alama 7 kwa jumla na isipungue 6.5 popote, nauli, malazi, na kozi ya kujinoa, na bado hatujakaribia hata ada ya muhula mmoja wa chuo cha Boston, Marekani. Gharama yake ni subira: nafasi hugombaniwa na kujaa upesi mno, kila sehemu ina majaribio manne tu, na Sehemu ya 2 nayo ina muda wake wa mwisho. Lakini katika kungoja huko anafanya kazi hapa na analipwa, na akishindwa anadaiwa na nafsi yake tu.

Nitampa Jumapili. Safari hii sipigi mstari popote, asome mwenyewe.

Ila Jumapili yenyewe sijui itakuwaje. Wageni wa harusi kutoka Lamu wanaingia Alhamisi, maji ya mfereji hayajatoka, tangi la juu limepasuka kwenye kiungo cha bomba, na fundi kila nikimpigia anasema yuko njiani.