Uwanja wa Gofu Chini ya Nyumba za Fresh Meadows

Kabla sijapata kazi ya kumhudumia mzee mmoja nyumbani kwake Fresh Meadows, upande wa mashariki wa Queens, jijini New York, nilikuwa nimepita mtaa huo kwa basi mara nyingi bila kuona jambo la kuuliza. Ni mtaa uliotulia, wenye nyumba za matofali za ghorofa mbili au tatu zilizopangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na katikati yake kuna miti ambayo kwa unene wake inaonekana wazi kuwa imezitangulia nyumba. Miti hiyo ndiyo iliyoanzisha habari hii. Katika majira ya vuli ya mwaka 2006, mzee wangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 87, aliniambia nikiwa ninamfunga vifungo vya sweta kwamba mwaloni ulioonekana kupitia dirisha lake aliujua tangu utotoni, na kwamba chini ya kivuli chake alikuwa akiketi adhuhuri baada ya kutua mfuko wa vijiti vya gofu vya mtu mwingine.

Nilimwomba aniambie zaidi, naye akasema ni afadhali twende akanionyeshe, kwa sababu mambo mengine hayaelezeki mtu akiwa amekaa kitini jikoni. Jumapili iliyofuata hapakuwa na mvua wala upepo mkali, kwa hiyo nilimfunika miguu kwa blanketi, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi nje, nikitarajia kwamba tungeanzia kwenye mwaloni. Hakutaka. Alinielekeza mashariki, kwenye bustani ya Cunningham, akisema kwamba vijana waliokuwa wakija kufanya kazi kwenye klabu ya gofu iliyokuwa hapo zamani walipitia huko, na anayetaka kukielewa kiwanja sharti aingie kwa njia waliyoingilia wao.

Njia hiyo ni ya lami, nyembamba, imepita kati ya miti na leo hutumiwa na waendesha baiskeli na watembea kwa miguu. Nilikuwa nimeiona hapo awali nikadhani imetengenezwa na idara ya bustani kwa ajili ya mazoezi. Mzee alinisimamisha karibu na daraja la saruji linalovuka juu ya barabara ya 73, akanionyesha kuta zake nzito na nguzo fupi za saruji zilizobaki pembeni, kisha akaniuliza ni nani angejenga daraja la namna hiyo kwa ajili ya baiskeli. Hiyo ilikuwa Long Island Motor Parkway, barabara binafsi iliyojengwa na William K. Vanderbilt wa Pili, kitukuu wa yule Cornelius Vanderbilt aliyetajirika kwa meli na reli. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwezi Oktoba 1908, nayo ilikuwa miongoni mwa barabara za mwanzo kabisa duniani kutengenezwa kwa ajili ya magari peke yake: farasi hawakuruhusiwa, na barabara nyingine zilipishana nayo kwa madaraja ili dereva asilazimike kusimama njia panda. Vanderbilt alipenda mbio za magari na alitaka mahali pa kuyashindanisha, lakini baada ya watu kufa katika mbio za mwaka 1910, mashindano hayo yalikoma kwenye barabara hiyo, nayo ikabaki kuwa ya matembezi ya wenye magari waliokuwa na uwezo wa kulipa. Mwanzoni ada ilikuwa dola 2 kwa safari moja, fedha nyingi kwa wakati huo. Ilipokamilika ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 72, kutoka Queens hadi Lake Ronkonkoma.

Baba wa mzee wangu alikuwa mhamiaji kutoka Italia, akilima mboga katika shamba la kukodi upande wa Flushing, na hakuna hata mmoja wa ukoo wao aliyewahi kulipa ada ile. Wao walitembea kando ya barabara, nje ya uzio, wakiyasikia magari yakipita kwa kasi upande wa pili wa nguzo. Aliniambia kwamba ilikuwa rahisi kumtambua mwanachama wa klabu hata kabla hajafika langoni, kwa sababu angeonekana akishuka kutoka Parkway, na vijana wangeanza kukimbia ili wamfikie msimamizi wa makedi, yaani wabebaji wa mifuko ya vijiti, kabla ya wenzao. Nilipomuuliza kama hawakuona uchungu, alifikiri kwa muda mrefu akasema kwamba kilichowauma ni siku ambayo mvua ilinyesha na wanachama hawakuja.

Tuligeuka tukarudi magharibi, kuelekea kwenye nyumba, na hapo ndipo mzee alipoanza kuwa mwepesi wa maneno kuliko nilivyowahi kumwona. Klabu ile iliitwa Fresh Meadow Country Club. Iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Wayahudi wenye mali, ambao katika zama hizo walifungiwa milango ya klabu nyingi za gofu kwa sababu tu ya asili yao, wakaona ni heri wajenge ya kwao. Walimwajiri A. W. Tillinghast, mmoja wa wachoraji wa viwanja wenye sifa kubwa zaidi Marekani, naye akawatengenezea kiwanja kigumu chenye mashimo 18, ambacho maeneo yake ya nyasi fupi, pale bendera zinaposimama, yalikuwa madogo na yamezingirwa na mitego ya mchanga. Kiwanja kilifunguliwa mwaka 1923. Kufikia 1930 kilikuwa na hadhi ya kuandaa mashindano ya PGA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani, ambayo Tommy Armour aliyashinda kwa kumpita Gene Sarazen kwa shimo moja tu katika fainali, na miaka miwili baadaye kikaandaa US Open, yaani mashindano ya wazi ya Marekani.

Sarazen ndiye aliyependwa na vijana wa mifuko, na sababu yake si ngumu kuiona. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Eugenio Saraceni. Alikuwa mwana wa seremala Mwitaliano kutoka Harrison, mji ulio kaskazini ya jiji, na yeye mwenyewe alianza gofu kwa kubeba mifuko ya watu. Zaidi ya hayo, aliwahi kuwa mwalimu wa gofu pale pale Fresh Meadow kwa miaka kadhaa, hivyo makedi walikuwa wamemwona kila siku, wakajua hata namna anavyokohoa kabla ya kupiga. Kulikuwa na imani kwamba mchezaji wa kulipwa hawezi kushinda taji kubwa kwenye klabu inayomwajiri, na baada ya kushindwa na Armour aliondoka akahamia klabu ya Lakeville iliyokuwa jirani. Mwezi Juni 1932 alirudi Fresh Meadow akiwa ametoka tu kushinda mashindano ya wazi ya Uingereza.

Mzee alikuwa na miaka 13. Alikuwa amepewa mfuko wa mchezaji ambaye hakuwa na matumaini ya taji, na siku ya mwisho, Jumamosi ya tarehe 25 Juni, ambapo wachezaji walipaswa kumaliza mashimo 36, alikuwa sehemu nyingine ya kiwanja aliposikia kelele. Hapa alinitaka nisimame. Tulikuwa kati ya majengo mawili, kwenye njia ya miguu inayopita karibu na kamba za kuanikia nguo, na mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka na mfuko wa takataka alitusalimu akaendelea na shughuli zake. Mzee alinyoosha mkono akasema kwamba kwa kukadiria kutokana na mwinuko wa ardhi, shimo la tisa lilikuwa pale. Lilikuwa shimo fupi, la kufika kwa pigo moja. Katika raundi ya asubuhi Sarazen, ambaye hadi wakati huo alikuwa akicheza kwa tahadhari na kuachwa nyuma, alilimaliza kwa mikwaju miwili, na tangu hapo akaacha kuiogopa mitego ya mchanga akaanza kuilenga bendera moja kwa moja. Mashimo 28 ya mwisho aliyamaliza kwa mikwaju 100. Raundi yake ya jioni ilikuwa ya mikwaju 66, jumla yake ikawa 286, na akashinda kwa tofauti ya mikwaju mitatu. Rekodi zote za gofu zimeandika hivyo.

Kisichoandikwa popote ni kile alichonieleza mzee akiwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu: kwamba kelele zilipofika kwao, kedi mmoja baada ya mwingine alianza kuhesabu kwa sauti ya chini mikwaju ya mtu ambaye hawakumbebea mfuko; kwamba mchezaji wake mwenyewe aliona jinsi alivyokuwa akigeuza shingo, akamwambia kwa upole aende akatazame shimo la mwisho watakapomaliza; kwamba watu walijaa hata mtoto hakuona kitu, naye akalijua pigo la mwisho kwa kuona kofia zikirushwa juu. Jioni alirudi nyumbani kwa ile njia ya kando ya uzio, akamweleza baba yake, ambaye hakuwahi kuuona mchezo wa gofu maishani, kwamba mwana wa seremala Mwitaliano ameshinda.

Nilimsikiliza kwa moyo mzito, kwa sababu babu yangu mzaa mama alibeba mifuko katika klabu ya gofu ya Mombasa, ile iliyo juu ya majabali yanayotazama bahari, enzi za ukoloni. Alikufa nikiwa mdogo, wala hakuna aliyekaa naye siku moja akamuuliza alimbebea nani, alilipwa nini na aliona nini. Nilipokuwa nikimsukuma mzee kati ya nyumba zile nilihisi kwamba nimepewa fursa ambayo katika ukoo wetu iliponyoka, na nikaamua kwamba hii sitaiacha ipite.

Tulipofika kwenye mwaloni wake alikuwa amechoka, lakini alinimalizia habari. Barabara ya Vanderbilt iliuawa na barabara za serikali ambazo Robert Moses, afisa aliyesimamia ujenzi wa barabara na bustani za New York, alizijenga bila ada, hasa Northern State Parkway, na ilipofika 1938 Vanderbilt alishindwa kulipa kodi akaikabidhi kwa serikali; ilifungwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili. Kipande cha Queens kikageuzwa kuwa njia ya baiskeli mwaka huohuo. Klabu ilidumu kidogo zaidi. Mwaka 1946 iliuza ardhi yake, zaidi ya hekta 60, kwa kampuni ya bima ya New York Life, nayo ikajenga mtaa wa kupangisha wenye familia takriban 3,000, katika wakati ambapo askari waliorudi vitani hawakuwa na pa kuishi. Wanachama walinunua kiwanja cha Lakeville, kilekile alichohamia Sarazen, wakalihamishia huko jina la klabu, na klabu hiyo ipo hadi leo. Mzee mwenyewe alirudi kutoka vitani Ulaya, akaoa, na mwaka 1949 akapata nyumba ya kupanga juu ya ardhi aliyoitembea akiwa kedi. Mimi naona wajenzi wa mtaa ule walifanya jambo la heshima kwa kuiacha miti, na mwandishi Lewis Mumford hakukosea alipousifu kuwa mfano bora wa upangaji wa makazi; lakini ingewagharimu nini kuweka hata kibao kimoja?

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda maktaba kuu ya Queens iliyoko Jamaica, nikaomba kuonyeshwa ramani za zamani za eneo lile. Mhudumu wa kumbukumbu alinitolea pia picha za jiji zilizopigwa kutoka angani mwaka 1924. Kiwanja kilikuwa kingali kipya. Madoa meupe ya mitego ya mchanga yalionekana wazi. Nilitoa nakala, nikaiweka mezani jikoni pamoja na ramani ya mtaa wa sasa, na mzee akavaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine. Tulifanya kazi kwa siku nyingi baada ya chakula cha mchana. Yeye alitafuta miinuko na miti aliyoikumbuka, mimi nikachora kwa penseli juu ya ramani ya sasa: hapa jumba la klabu, hapa kibanda cha msimamizi wa makedi, hapa shimo la tisa, na pengo kwenye uzio wa Parkway walimopenyea wasiozunguka hadi langoni. Mahali alipokuwa na shaka alikataa nisichore.

Ramani ilipokamilika aliigeuza akaniamuru niandike nyuma yake majina ya vijana aliofanya nao kazi. Wengine aliwakumbuka kwa majina kamili na mitaa walikotoka, wengine kwa majina ya utani tu, na wawili aliniambia hawakurudi kutoka vitani. Binti yake alipokuja kumtembelea aliisoma orodha ile akiwa amesimama, akaniambia kwamba hakuwahi kujua baba yake aliwahi kushika kijiti cha gofu. Kwa idhini yao wote wawili nilitengeneza nakala tatu: moja ikabaki na familia, moja nikaipeleka maktaba kwa yule mhudumu aliyenisaidia, na ya tatu ninayo mimi.