Mia nne ya chenji, na konda niliyemwita mwizi

Wiki iliyopita nilimwita konda mwizi mbele ya gari zima, na hakuwa mwizi. Nitawasimulia ilivyokuwa ila mnivumilie nitazunguka kidogo, maana hii habari ya konda na abiria ninayo kifuani muda mrefu. Mi ni mtu wa daladala, naishi Nzuguni hapa Dodoma na kibarua changu kiko mjini karibu na Nyerere Square, duka la steshenari, asubuhi napanda jioni napanda, hela ya bajaji kila siku sina na bodaboda naziogopa, siwezi kudanganya.

Kwanza chenji. Ugomvi mwingi wa kwenye gari ukiufuatilia mpaka mwisho unakuta chanzo chake ni sh 100, sitanii. Nauli ilipokuwa 500 mambo yalikuwa mepesi, unapanda na kisarafu chako kimoja unampa konda mmemalizana, mwenye elfu anarudishiwa kisarafu hicho hicho, hakuna hesabu hapo. LATRA, wale wanaopanga nauli, wakaja kupandisha, Desemba 2023 ikaanza 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, sawa vitu vimepanda sikatai, ila tangu hapo kila anayetoa elfu anadai 400 na 400 haina sarafu yake, ni 200 mbili au mia mia, sasa mia za kutosha konda azitoe wapi saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari zima limetoa noti? Wazee wanasema hata jina daladala lilitokana na sarafu, enzi hizo nauli sh 5 na ile sarafu ya 5 watu wakiiita dala. Yaani tangu mwanzo huu usafiri ulikuwa wa sarafu moja mkononi, unatoa unakaa. Halafu we leo unapanda na noti ya elfu kumi, umeikunja vizuri, na unashuka kituo cha pili.

Kuna kamsemo kamoja tu kanakookoa hapo. Kabla hujaweka mguu kwenye ngazi unasema, "Konda, nina elfu kumi, una chenji?" Akisema ipo panda, akisema haipo anakwambia panda tu tutatafuta, na hapo hata akikuchelewesha mnaelewana maana alijua. Lakini sisi tunakaa kimya tunasubiri tukidaiwa ndo tuitoe, kama tunamtega. Na kuna wale wa kusinzia. Konda wa hapa wengi hawasemi "nauli", anapita anachezesha sarafu kiganjani chwa chwa chwa na kila mtu anajua maana yake, basi ukisikia hiyo chwa chwa angalia siti za dirishani, watu watatu wamepitiwa na usingizi mzito sekunde hiyo hiyo. Ajabu kituo chake hakimpiti! Anaamka mwenyewe mita mia kabla, "shusha hapo!"

Kuhusu kushuka nako. Konda akiuliza "Bunge kuna kushuka?" itika. Yupo, au hakuna, basi. Kuna mtu atakaa kimya, konda atamwambia dereva twende, gari limeshaingia gia ndo anaruka "we konda si nilikwambia Bunge!" Ulimwambia saa ngapi, ulimwambia moyoni?

Sasa Dodoma hii imebadilika. Mi ni Mrangi wa Kondoa, nimekuja mjini hapa kabla serikali haijaanza kuhamia 2016, kabla hatujaitwa jiji 2018, na ninachokumbuka ni kwamba watu walikuwa wanasalimiana kwenye magari. Mpaka leo ukipanda gari la kwenda Hombolo au Mvumi utaona, mzee anaingia na fimbo yake, bado hajapata hata pa kushika, anasalimia kwa Kigogo "mbukwenyi" na gari zima linamjibu, konda anamshika mkono anamkalisha, na akidaiwa nauli anaambiwa "babu, nauli yako" siyo "we mzee toa hela". Ya mjini siku hizi mtu anaingia na kiwiko. Wenzetu wa Dar mliohamia msinune, mmetuletea mambo mengi mazuri na biashara imekua, mi mwenyewe dukani nakula kupitia nyie na mafaili yenu, ila ule ugonjwa wa kugombania mlango hata kama gari liko tupu mmekuja nao kwenye begi. Gari liko tupu kabisa Sabasaba pale, siti zinahesabika, lakini watu wanaingilia dirishani.

Majina tunayoitana nayo yana kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukisema "we konda" kwa sauti ile ya kumwita mbwa utajibiwa hivyo hivyo. Mi nawaita kaka, akiwa mdogo sana namwita mdogo wangu, na sijawahi kupungukiwa kitu. Wao wananiita anti, dada, shemeji, siku akiwa na furaha "bosi wangu". Mwaka jana kuna mmoja kaniita mama kwa mara ya kwanza, "mama sogea kidogo", nikageuka nyuma kuangalia huyo mama ni nani. Nilikaa na hilo neno mpaka usiku.

Ila siwatetei kwa kila kitu. Wale wanaokamata wanawake mikono pale kituoni, mmoja anakuvutia gari hili mwingine lile, na mkoba wako umebaki katikati, hilo hapana. Kukushika kiuno eti anakusaidia kupanda, hapana kabisa, nina miguu. Na lile jibu lao la "kama hutaki kubanwa kanunue la kwako" nimelisikia mpaka limeisha ladha. "Sogea nyuma, nyuma huko peupe" na ukiangalia nyuma huko goti la mtu liko kwenye mbavu za mwenzie.

Kinachoniuma zaidi ni wanafunzi. Asubuhi watoto wamejipanga kituoni na sare zao, wengine wadogo begi limewazidi, gari linakuja konda kazuia mlango na mkono, "wawili tu, wawili tu", waliobaki wanalikimbilia lingine nako hivyo hivyo mpaka saa moja na nusu. Mwanafunzi analipa 200, mtu mzima 600, piga hesabu utaona konda anachokiona pale mlangoni siyo mtoto, ni 400 inayopotea. Mia nne hiyo hiyo jamani! Naelewa hesabu yake na bado inaniuma. Siku moja mama mmoja alishika mlango akasema gari haliondoki mpaka hawa wanne wapande, nitawapakata, na kweli akampakata mmoja, mwingine akanikalia mimi na begi lake lenye kona, goti langu lilikuwa na alama siku mbili.

Na dirisha. Hii nadhani ni ya Dodoma zaidi. Miezi hii ya upepo ukifungua dirisha unakula vumbi, ukifunga mnachemka wote, hasa jioni mtu katoka mnadani Msalato na nyama yake ya kuchoma kwenye gazeti na mwingine ana kuku chini ya siti. Aliyekaa dirishani anajiona kapewa hati ya kiwanja. Nimeshaona watu wawili wanasukumana kioo, huyu anafungua huyu anafunga, kimya kimya, hawasemeshani wala hawaangaliani, kutoka mjini mpaka Nanenane. Mi nikikaa dirishani namuuliza wa nyuma yangu, upepo hautakuumiza? Maana upepo haumpigi aliyefungua, unampiga wa nyuma.

Haya, konda wangu.

Lakini kabla yake (naomba hii tu ndo ya mwisho), mtoto wa mama mdogo aliwahi kufanya udeiwaka wa ukonda miezi kadhaa, namaanisha akimshikia mwenyewe akiwa na udhuru, na yeye ndo alinifungua macho. Kuna hesabu ya tajiri, mwenye gari, hiyo lazima ifike jioni, vichwa vipo havipo. Kuna mafuta. Kinachobaki ndo dereva na konda wanagawana. Sasa katikati ya siku akizidisha chenji, akimrudishia mtu mara mbili, akipokea noti mbovu, hiyo haiendi kwa tajiri wala kwa suka, yaani dereva, inakatwa kwenye posho yake yeye. Aliniambia usiku akilala alikuwa anaota anarudisha chenji. Ndo maana wanachelewa kukurudishia, siyo lazima anakuibia, anakusanya kwanza za nyuma ndo alipe za mbele, na zile noti alizozikunja kwa urefu katikati ya vidole kila kidole kina kazi yake.

Hayo yote nayajua. Sasa sikia nilichofanya.

Jioni, gari limejaa, nimepata siti ya ndani na pembeni yangu mama mmoja wa makamo kavaa kitenge cha bluu. Nikatoa elfu mbili, chenji yangu 1,400. Yule mama akatoa elfu, chenji yake 400. Mi nikaziba masikio na iafoni zangu nikawa nasikiliza voisi noti za dada yangu, ambazo mtu akizituma unaweza kusafiri mpaka Morogoro hazijaisha. Baadaye yule mama akanigusa bega, nikadhani anataka kupita, nikavuta miguu nikampisha, wala sikutoa iafoni. Akasema kitu nikatikisa kichwa, ile ya "ndiyo ndiyo pita". Akashuka.

Tumefika Nanenane nikakumbuka. "Konda chenji yangu." Akaniambia, "Anti, nimempa yule mama elfu mbili, si nilisema mtagawana." Nikamwambia mama gani? Mi na yule mama tunajuana? Jamani hasira ikanipanda, mnajua ile ya uchovu wa kutwa, nikasema maneno. Nikasema ndo zenu, mnajifanya mgawane mgawane kumbe mnatuibia, wezi wakubwa nyie, na "wezi" nikaivuta ikafika mpaka kwa dereva. Huku nyuma wengine wakadakia mpe hela yake, dada wa watu mpe hela yake, gari zima likawa upande wangu, na niseme ukweli nilisikia raha. Yule kijana hakunijibu. Akatafuta kwenye vidole, akatoa noti ya elfu, akatoa sarafu mbili za 200, akaniwekea mkononi. "Chukua anti, isiwe kesi." Nikachukua. Sikusema hata asante.

Nimeshuka, mzee mmoja kashuka nyuma yangu, nikampa shikamoo akaitika marahaba, tukatembea hatua kama ishirini hivi kimya. Ndo akaniambia taratibu, "Mwanangu, yule kijana hakukuibia. Alimpa yule mama noti ya elfu mbili, mama akamrudishia mia mbili, akawaambia mgawane. Yule mama alikugusa akakwambia shuka tukatafute chenji pale dukani, ukamwitikia kwa kichwa. Sijui kakusubiri kule chini au vipi."

Nikamuuliza, sasa babu mbona hukusema ndani ya gari?

"Ungenisikia?"

Nilirudi nyumbani nikapika ugali ukatoka mabonge. Elfu moja na mia nne ya mtu inawaka kwenye pochi, na nikikumbuka kwamba ni yake ya mfukoni siyo ya gari, na yule mama naye labda alisimama pale barabarani na noti yangu mkononi gari linaondoka.

Siku mbili nililitafuta lile gari, nalijua kwa kioo cha nyuma kilichopasuka wakakibandika selotepu. Siku ya tatu asubuhi hilo hapo. Nikapanda, nimeshaiandaa kamili, noti na sarafu zake mbili, nikamwambia kaka samahani, hela yako hii ya juzi. Akaniangalia. "Hela ya nini?" Nikaanza kumweleza, kitenge cha bluu, elfu mbili, mgawane, nikakuita mwizi. Akacheka mpaka akashika bomba. "Anti, mi kwa siku naitwa mwizi mara ngapi, we ni yupi sasa?"

Lakini akaipokea. Akaihesabu, noti akaichomeka katikati ya vidole, sarafu akachanganya na zingine, kisha akasimama hapo hapo mbele yangu akaanza kuzichezesha. Chwa chwa chwa.

Nikamwambia si nimekupa sasa hivi?

"Hiyo ya juzi. Ya leo je?"

Nikafungua pochi. Imebaki noti ya elfu kumi.