Mradi wa gari la kwenda Katavi: nimenunua gari kwa kufuata rafu ya mzee muuza spea

8 Februari 2025

Kwa miaka mitatu mimi na mama watoto tumekuwa tukiizungumzia safari moja. Tutoke Moshi, tupite Babati na Singida, tushuke mlima Sekenke, twende Tabora, tukate misitu ya miombo hadi Mpanda, tulale Katavi siku nne, kisha tuteremke Kipili kwenye Ziwa Tanganyika na kurudi kwa njia ya Sumbawanga, Mbeya na Dodoma. Wiki tatu, watoto wawili, hema, na gari letu wenyewe. Gari ndilo hatuna. Akiba yetu ni shilingi milioni 38, na tumekubaliana kwamba milioni 8 kati ya hizo muuzaji hatazijua kabisa. Hizo ni za fundi.

Leo sikutazama gari hata moja. Nilikaa na daftari na mizani ya bafuni nikapima mizigo. Maji lita 60 ni kilo 60. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kilo 34 bila uzito wa dumu. Hema la juu ya gari kilo 58. Friji, betri ya pili, jiko la gesi, masufuria, chakula, zana, tairi la pili la akiba. Ongeza sisi wanne. Nilipojumlisha nilipata kilo 610. Nilikuwa naipenda sana Suzuki Jimny kwa wepesi wake kwenye tope, lakini tangi lake ni la lita 40 na watoto wangu wangekaa na masufuria mapajani. Nimeifuta kwa masikitiko ya kweli.

2 Machi

Kazi yangu ni kusambaza dawa za mifugo, kwa hiyo njia ya Singida hadi Mpanda naipita mara kwa mara na gari la kazini. Safari hii kila mji niliosimama niliingia duka la spea na kuuliza vitu vitano vilevile: mkanda wa taimingi, filta ya dizeli, pampu ya maji, beringi za gurudumu la mbele na nozeli za kunyunyizia dizeli kwenye injini. Niliuliza kwa ajili ya Prado ya miaka ya tisini, Prado ya D-4D (ile mpya zaidi, ambayo dizeli yake inaongozwa na kompyuta), Pajero, Patrol, Land Rover Defender, na Land Cruiser mkonga, yaani ile Land Cruiser 70 ya kazi ngumu.

Filta zipo karibu kote, za magari karibu yote. Baada ya filta ndipo magari yanapoanza kuachana. Defender watu wanaiheshimu, na mafundi wa zamani bado wanaijua kwa mikono, lakini kutoka Tabora kwenda mbele sikuona spea yake dukani. Niliambiwa nikitafute kipande kwenye Landi mbovu za misheni. Ya Patrol na Pajero ilikuwa bahati nasibu.

Mpanda ndiko nilikopata jibu. Mzee mwenye duka alikuwa amekaa nyuma ya kaunta anahesabu boliti. Nikamwamkia, nikamuuliza nozeli za D-4D.

"Hiyo nakuagizia Dar, mwanangu. Inakuja kwa basi. Leo Jumanne, Ijumaa unayo, kama basi halikulala njiani."

"Na ya mkonga, mzee?"

Hakusema kitu. Alinyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka, akaweka boksi kaunta. Halafu akaweka mkanda wa taimingi. Halafu pampu ya maji. Vumbi la boksi lilibaki kwenye vidole vyake, akalifuta kwenye suruali akaendelea na boliti zake.

Sababu si uchawi. Gari la wagonjwa la wilaya ni mkonga. Gari la maaskari wa wanyamapori ni mkonga, la misheni ni mkonga. Yote hayo kwa sehemu kubwa yana injini moja, 1HZ, dizeli ya silinda sita, cc 4,164, isiyo na tabo wala kompyuta ya kuamua dizeli iingie kiasi gani. Pampu yake inaendeshwa na injini yenyewe. Toyota wameitumia tangu 1990. Mwenye duka wa Mpanda anaweka spea zake kwa sababu anajua zitanunuliwa.

Mkonga wenyewe siuwezi. Hata uliochoka unauzwa ghali, kwa sababu makampuni ya utalii ya Arusha yanauchukua, mafundi wanakata chasisi, wanairefusha, wanafunga paa la kufunguka, na gari linaanza maisha mapya. Lakini injini hiyohiyo ilifungwa pia kwenye baadhi ya Land Cruiser 80, lile shangingi la duara lililotengenezwa kati ya 1990 na 1997. Nilirudi Moshi na wazo hilo moja tu.

23 Machi

Watu wengi ninaowaheshimu walinishauri nichukue Prado, kwa hiyo nilizitazama kwa moyo mweupe. Ile ya kwanza, ya 1998, ilikuwa safi kupita kiasi, na injini ilikuwa imeoshwa inang'aa. Nilikuwa nimeomba nikute injini imepoa, nikaikuta ina joto. Nikasubiri saa mbili. Kisha nikafungua kifuniko cha rejeta, nikamwomba fundi wangu awashe. Viputo vilianza kupanda, vidogo, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Injini ya 1KZ ya Prado hizo ni tamu barabarani, lakini silinda hedi yake ni ya aluminiamu na ikichemka vibaya mara moja tu inaweza kupasuka. Muuzaji alisema ni upepo wa kujaza maji. Tuliondoka kwa heshima.

Prado ya D-4D ina starehe, inakula kidogo, na ingewafurahisha watoto. Siyo kweli kwamba dizeli yetu haiifai kwa sababu ya salfa. Tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Hofu yangu ni dizeli ya kupimiwa kwenye dumu kijijini, yenye maji na mchanga chini. Nozeli zake zinafanya kazi kwa presha kubwa mno na tundu dogo mno, na nikiharibu hata moja pale Kipili, nitakaa nasubiri basi.

12 Aprili

Tumelipata. Land Cruiser 80 ya 1994, 1HZ, gia za mkono, rangi ya maziwa. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Machame aliyekuwa analitumia kubebea kahawa na ndizi. Milioni 29 na nusu.

Kuhusu rangi naandika kwa makusudi. Wiki iliyopita niliikataa nyingine nzuri kwa sababu ilikuwa bluu iliyokolea. Katavi na njia ya Tabora kwenda Mpanda ina mbung'o wengi, na mbung'o wanafuata bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sitaki kuendesha mtego na watoto ndani. Kwa sababu hiyohiyo kiyoyozi si anasa kwenye safari hii, maana utafunga vioo saa nzima kwenye joto. Cha gari hili hakifanyi kazi. Nimekiweka kwenye orodha.

Ukaguzi ulichukua asubuhi nzima. Tulifika saa kumi na mbili, ukungu bado uko migombani, injini baridi kabisa. Iliwaka kwa mara ya kwanza ikatoa moshi mweupe kidogo, ukaisha. Kifuniko cha oili kilipofunguliwa hapakuwa na pumzi ya nguvu, dalili kwamba silinda bado zinabana. Nilijilaza chini nikagonga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, nikisikiliza. Chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa na kutu kinajibu kama boksi. Nyuma ya gurudumu la kulia lilijibu vibaya mahali pa ukubwa wa kiganja, pa kuchomelea kibati tu.

Kitu ninachotaka kila anayetafuta 80 akiangalie ni lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele, pale ekseli inapopinda usukani ukigeuzwa. Pitisha kidole. Likiwa na utando mwembamba wa grisi nyeusi, nzito, ni afya. La upande wa kushoto lilikuwa hivyo. La kulia lilitoa kitu chepesi kama mchuzi, kinanuka oili ya difu. Maana yake sili ya ndani imekufa, oili ya difu inahama kuja kuosha grisi, na beringi zinalainishwa na maji ya mchuzi huo. Si ugonjwa wa kuua gari, lakini ni kazi ya siku mbili, nami niliutumia kupunguza bei milioni moja na nusu.

Kisha tukaipeleka Marangu. Mpando wote ule sindano ya joto haikusogea. Speedi pia ilisogea kwa shida, lazima niseme wazi. Gari la tani mbili na ushee, bila tabo, linapanda kwa gia ya pili na malori yanakuonea huruma. Mama watoto aliuliza tunakimbilia wapi. Tulijaribu gia nzito na difu loki, ile inayolazimisha magurudumu yazunguke pamoja, kwenye shamba lenye tope la mvua. Taa ya difu loki ilichelewa, ikaja.

Namba ya chasisi na ya kwenye kadi zilifanana. Kuna gari moja la mwezi uliopita hazikufanana, na mita yake ilisoma kilomita 98,000 huku pedeli ya klachi imeisha mpira hadi chuma.

31 Mei

Masika yote gari limekuwa juu ya mawe. Mkanda wa taimingi umebadilishwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka wa zamani ulifungwa lini, na Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Pampu ya maji, thamostati, mipira yote ya maji, rejeta imefunguliwa na kusafishwa tope la miaka. Miguu yote miwili ya mbele imefunguliwa na kufungwa upya, beringi mpya, sili mpya. Gharama hadi leo milioni 5 na laki 7. Kiyoyozi kinapuliza baridi.

Injini ni ileile ya mkonga. Miguu ya mbele, springi na breki za 80 sina uhakika kama zinalingana na za mkonga. Hivyo ndivyo vitu nitakavyobeba mwenyewe: sili seti moja, beringi seti moja, bushi, shokapu moja ya nyuma. Vya injini nitamwachia mzee wa Mpanda.

22 Juni

Safari ya majaribio, Ziwa Natron, siku tatu, mizigo yote. Kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngare Sero ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu nyingi ni ile barabara ya bati inayotikisa meno. Nilipunguza upepo wa matairi hadi psi 24 na gari likatulia kana kwamba limebadilishwa. Kwenye mchanga wa majivu chini ya Oldonyo Lengai nilishuka hadi 18, hatukukwama.

Karibu na Engaruka nilisikia mlio wa kugonga nyuma kushoto. Nilisimama, nikalala chini kwenye vumbi la moto. Nati ya juu ya shokapu ilikuwa imelegea, raba yake imetafunwa nusu. Binti yangu alinishikia tochi huku akinitajia spana kwa namba. Anazijua sasa kutoka kumi hadi ishirini na mbili. Dakika arobaini. Raba ile sikuwa nayo, nikakata kipande cha tairi kuukuu kwa kisu, kimetufikisha nyumbani.

Dizeli: lita 13.8 kwa kilomita 100. Tangi ni lita 95, kwa hiyo kwa mzigo huu nahesabu kilomita 650 na kuacha kidogo chini. Tabora hadi Mpanda ni kama 350. Dumu moja la akiba linatosha, la pili limeshushwa.

5 Julai

Nimepima gari kwenye mizani ya ghala la nafaka, sote wanne ndani: kilo 2,840, chini ya kikomo cha kiwanda, lakini nyuma kumezidiwa. Maji tumeyatoa juu tukayaweka sakafuni nyuma ya viti vya watoto. Hema limebaki juu, kwa sababu Katavi viboko hutoka usiku kula majani na sitaki kukutana nao nikiwa kwenye hema la chini na watoto. Springi za nyuma zimebadilishwa kwa zile za kubeba zaidi.

Mkono wa kulia mbele kuna unyevu tena kwenye tufe. Kidogo, lakini kidole kilirudi na mchuzi. Fundi anasema sili ya kwanza ilikuwa ya bei rahisi, na anajilaumu kwa kuikubali. Orijino imefika leo jioni kwa basi kutoka Dar. Kesho baada ya ibada tunaifunga, mimi nikiwa chini naye, kwa sababu nataka kuweza kuifunga mwenyewe. Tunaondoka Jumatano alfajiri.