Mzee wa Kimamba

Mwaka 1996 nilipanda treni ya Reli ya Kati, daraja la tatu, kwenda kumwona shangazi yangu Ujiji. Wakati ule nilikuwa naandika hadithi fupi za maisha ya mjini, na mojawapo ilikuwa imekwama. Nilitegemea kuimaliza njiani. Behewa lilijaa tangu Dar es Salaam: ndoo, magodoro, watoto wamelazwa chini ya viti. Daftari sikulifungua.

Tulishapita Morogoro, usiku, tuliposimama Kimamba. Akapanda mzee mwembamba, mzigo wake kifurushi kimoja kilichofungwa kwa kamba ya katani. Tukabanana, akapata pa kukaa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Unashukia wapi?”

“Kigoma.”

“Basi tuko wote mpaka reli iishe.”

Kulipokucha nikaiona mikono yake. Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani, mgumu, na mikono ile ilikuwa imechomwa miaka mingi, kovu juu ya kovu. Aliona ninavyoitazama, akaanza kueleza bila kuulizwa. Alitoka Kasulu mwaka 1957, kijana. Waandikishaji wa SILABU, ile ofisi iliyokuwa ikikusanya manamba, vibarua wa mkataba, kwa ajili ya mashamba ya mkonge, walipita vijijini. Walitembea kwa miguu hadi Kigoma, wakapewa blanketi, wakapakiwa kwenye treni kuja huku mashariki. Majani 30 fungu moja, aliniambia, na vidole vyake vikawa vinafunga fungu hewani. Kipande, ile kadi ya kuhesabia siku, kilikuwa cha siku 30 za kazi. Ukiugua, siku hiyo haiandikwi.

Shuleni tulikariri kwamba nchi yetu iliongoza duniani kwa mkonge, kwamba mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Nilipata alama zote za swali lile. Hakuna aliyetuambia kuwa kila jani lilikatwa kwa mkono, na mkono ule ulikuwa wa mtu aliyeacha mama yake Kasulu.

“Mbona hukurudi mapema, babu?”

“Mtu anarudi na kitu. Kila mwaka nilisema mwakani.” Bei ya mkonge ikaanguka, nyuzi za viwandani zikachukua nafasi yake, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na lake likapunguza watu kidogo kidogo hadi pori likarudi. Yeye akabaki akilima kijibustani pembeni ya kambi. Wazazi walifariki akiwa huko huko. Alibaki dada yake mkubwa, na habari kwamba yu hai aliletewa na kijana mmoja aliyekuja kutafuta kibarua.

Saranda alinunua kuku wa kuchoma dirishani. Akanipa paja, hela yangu akaikataa kwa kichwa tu.

Baada ya Tabora akanyamaza. Nikaona midomo yake inacheza, nikadhani anasali. Kumbe alikuwa anajifunza. Alikuwa anapanga maneno atakayomwambia dada yake mlangoni, kwa Kiha, akirudia, akibadilisha, akirudia tena. Mwishowe akanigeukia.

“Mjukuu wangu, kaa kama dada yangu. Nijaribu.”

Nikajifunga khanga kichwani, nikakaa wima. Mama aliyekuwa ananyonyesha mbele yetu akaacha hata kumbembeleza mtoto, anatutazama. Mzee akainama kidogo, akasema maneno yake yote. Kiha sikijui. Nilisikia jina lake, nikasikia sauti inapopungua, nikaona anavyoiweka mikono ile pamoja. Akamaliza, akangoja.

“Jibu,” akasema kwa Kiswahili.

“Sijui angejibu nini, babu.”

“Atajibu. Dada yangu si mtu wa kunyamaza.”

Nilikaa pale na khanga yangu kichwani, moyo unanidunda, natafuta neno la mwanamke nisiyemfahamu kwa ndugu aliyepotea miaka karibu 40. Hadithi yangu ya mjini haikuwahi kunidai kitu kama hicho. Nilikuwa naijua mwisho wake kabla sijaianza, na nadhani ndiyo maana ilikuwa imekwama.

Kabla ya kushuka nilimwomba ruhusa ya kuandika aliyonisimulia. Akafikiri. “Andika. Jina langu acha.” Stesheni ya Kigoma tuliagana katikati ya vurugu za mizigo, yeye akaenda kutafuta gari la Kasulu, na sikumwona tena.

Ujiji nilifika jua kali. Shangazi alikuwa uani anaanika dagaa. Sijamaliza hata kumwamkia, akaniangalia kuanzia juu hadi chini, akauliza, “Ulikula njiani?”

Nilikula chakula chake, nikaoga, halafu nikaomba taa ya chemli. Ile ya mjini niliiruka, nikaanza ukurasa mpya: mlango wa nyumba Kasulu, mzee amesimama na kifurushi, ameyamaliza maneno yake yote. Dada anamtazama kuanzia juu hadi chini. Halafu nikampa swali la shangazi, na hadithi ikaanzia hapo.