Kilomita 17 kwa miguu, kijiji hadi kijiji

Nilianza safari ile kwenye meza, wiki moja kabla ya kutoka. Ramani yangu ni ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Nililaza uzi juu ya njia ya miguu, nikaufuata kila mkunjo kutoka kijiji nilichotaka kuanzia hadi cha pili. Ukatoka sentimita 34. Barabara ya magari inazunguka mbali sana. Njia hii inakatiza mashambani, nami nilitamani kuipita mwanzo hadi mwisho.

Kukadiria muda nilitumia kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa 1 kwa takriban kila kilomita 5, ukiongeza saa 1 kwa kila mita 600 hivi za kupanda. Kwa hesabu hiyo ningefika kwa saa 3 na nusu na ushee. Nilitumia saa 6. Kanuni ile haijui malango ya kufungua na kufunga, wala tope la shamba lililolimwa, linaloganda kwenye soli mpaka kila kiatu kinakuwa kama tofali.

Niliondoka saa 12 na nusu asubuhi, na umande ndio ulionikaribisha. Nyasi za ukingoni zilinifika magotini. Robo saa tu, soksi zilikuwa chapachapa. Ngozi iliyolowa hulainika, na ikisuguliwa hutoa lengelenge haraka kuliko ngozi kavu. Kwa hiyo niliposikia joto kidogo kwenye kisigino cha kulia nilisimama papo hapo, ingawa nilikuwa sijafika popote. Nikavua, nikakausha mguu kwa leso, nikabandika plasta, nikavaa soksi za akiba. Dakika kumi zile ndizo zilizonifikisha.

Kazi yenyewe ilikuja kilomita ya saba. Kwenye ramani njia inakata shamba moja katikati, mita 400 moja kwa moja kuelekea kaskazini. Kwenye ardhi hapakuwa na njia. Shamba lilikuwa limelimwa lote, mahindi yamenipita kimo. Niliingia hatua ishirini hivi. Majani yale yana makali pembeni, yalinichana shingo na mikono, na mbelewele zikanimwagikia kichwani. Nilipogeuka sikuona nilikotokea. Mistari ya mahindi ilikwenda upande mwingine kabisa na njia ninayoitafuta, kwa hiyo kusonga mbele kungekuwa kuvunja bua baada ya bua, na lile ni jasho la mtu. Nikarudi nje.

Hapo ndipo hesabu ya hatua iliponiokoa. Nilikuwa nimejipima nyumbani: nikihesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga, mita 100 ni hatua 65. Ramani ilinionyesha kona ya shamba iko mita 300 mashariki. Nikashika ukingo: hatua 195 mashariki, 260 kaskazini kufuata mfereji, kisha 195 kurudi magharibi. Kilomita nzima badala ya mita 400. Nilipomaliza kuhesabu niliinua macho, na ule ubao wa kuvukia mfereji, unaoendelezea njia, ulikuwa hatua kumi tu mbele yangu. Nilifurahi mno. Nilikaa juu yake nikanywa maji.

Ng'ambo ya pili mama mmoja alikuwa anapalilia. Nikamwamkia, nikamwambia ninakokwenda. Akainuka akiwa ameshika kiuno.

"Mwanangu, kwenye malisho yale usipite katikati. Ng'ombe wamezaa juzi."

Nilimshukuru sana, maana kijia kilikuwa kinapita katikati hasa. Ng'ombe mwenye ndama si wa kuchezea: ukiingia kati yake na mwanawe anakuona adui, na ukikimbia unamchochea akufukuze. Nilizunguka kwa kuambaa na seng'enge, polepole, huku nikiangalia pa kupenya iwapo mambo yangeharibika. Majike wawili waliinua vichwa, wakanifuata kwa macho mpaka nilipofika langoni. Nikalipita, nikalirudisha komeo. Lango nililikuta limefungwa na nikaliacha limefungwa. Hilo silifanyii mzaha, kwani mifugo ikitoka usiku mmoja, shamba la mahindi la jirani limekwisha.

Kilomita za mwisho zilikuwa njia pana ya matrekta, sina la kusimulia. Saa 6 na nusu mchana nilikuwa kijiji cha pili, plasta bado imeshika. Kabla hata ya kuvua viatu nilitandika ramani magotini na kuchora kwa penseli ule ukingo wa shamba, mita 300, 400, 300, na pembeni nikaandika mwezi niliopita, maana mahindi yakishavunwa huenda njia ikaonekana tena.