Picha Iliyofuta Mistari

Jana mwanangu aliichukua kamera yangu ya joto akaelekea nayo jikoni, akarudi mbio: "Mama, sufuria inachemka, mbona humu inaonekana baridi?" Nikamjibu kwamba vitu vinavyong'aa hutoa mionzi yao kidogo na kuakisi ya jirani. Hakuridhika. Mimi nikaikumbuka ile hadubini ya joto ya kazini.

Tulikuwa tunatafuta mahali chipu ya mteja inapopata moto. Alitaka picha kali zaidi, na wenzangu walishaanza kuzungumzia lenzi mpya. Lenzi gani tena? Mionzi tuliyoipokea ina urefu wa mawimbi wa mikromita 8 hadi 14. Vitu viwili vilivyokaribiana kupita nusu ya hapo huonekana doa moja, lenzi iwe ya bei yoyote.

"Tukalibrishe kwanza, yaani tusahihishe vipimo," bosi akasema.

Chipu ikiwa imezimwa, tukaipasha juu ya bamba hadi nyuzi 50, tukapiga picha, kisha nyuzi 70. Kwa tofauti ya picha hizo programu hukokotoa, pikseli kwa pikseli, kila sehemu hutoa mionzi kiasi gani ikilinganishwa na kitu cheusi kabisa, yaani kinachotoa mionzi yote inayowezekana kwa joto lake. Inachosha: bamba likipata joto hutanuka, chipu inasogea, na usipozilaza picha sawasawa kila mstari unatoka na pacha wake.

Tukarudi nyuzi 60, nikabonyeza kitufe. Picha ikaanza kujichora upya safu kwa safu kutoka juu, na kila ilipopita, nyaya za dhahabu, zinazong'aa kama ile sufuria, zilizokuwa zimetokeza kama mishipa ya mkono zikafutika. Zile nene, nyembamba, hata vibati vya kuungia waya pembezoni. Ikabaki rangi moja ya machungwa, bila kitu. Mwenzangu akatikisa kipanya akidhani kompyuta imekwama. Mimi sikubanduka. Chipu nzima ilikuwa na nyuzi 60, na sasa picha nayo ilisema hivyo.

Tulipowasha umeme, doa likajitokeza kwenye kona ya waya, palepale tulipozoea kuona ubaridi.

Mteja alinuna. Picha ya zamani ilikuwa na kingo, alisema, hii imefifia. Nikamweleza kwamba joto husambaa ndani ya silikoni, na ule ukali ulikuwa wa dhahabu tu. Akaomba zote mbili. Kwenye jalada la ripoti yake akaweka ile ya mistari, na kusema kweli, ilipendeza.