Elimu ya Pomboo Ianzie Feri

Mwaka 2015 watafiti waliipita pwani ya Tanzania kwa mashua, wakiburuta maikrofoni za majini kwa zaidi ya kilometa 2,600 ili kunasa sauti za pomboo na nyangumi. Pamoja na sauti hizo walinasa milipuko 318 ya mabomu ya kuvulia samaki katika saa 231 za kusikiliza, na karibu asilimia 62 ya milipuko hiyo ilitokea ndani ya kilometa 80 kutoka hapa Dar es Salaam. Takwimu hizi nimewatajia majirani zangu wa Kigamboni mara nyingi, na sijakutana na hata mmoja aliyekuwa amezisikia, ingawa mabomu yenyewe tulikuwa tukiyasikia tukiwa majumbani.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na namna tunavyohifadhi mamalia wa bahari nchini. Utafiti upo, tena wa kutegemewa, lakini matokeo yake huchapishwa kwa lugha na mahali ambapo mvuvi hafiki, kisha mvuvi huyo huyo hulaumiwa kwa kutojua.

Mfano mzuri wa utafiti huo uko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako pomboo waliwindwa hadi mwaka 1996 ili wawe chambo cha papa, ilhali safari za watalii za kuwatazama zilikwisha kuanza tangu 1992. Watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwatambua pomboo mmoja mmoja kwa kupiga picha pezi la mgongoni, kwa sababu kingo zake huwa na mikato na makovu yasiyofanana. Kwa njia hiyo mtu anaweza kujua kwamba jike aliyeonekana leo na mtoto ndiye yule aliyeonekana msimu uliopita. Hata utalii, ambao wengi tunaudhani hauna madhara, ulichunguzwa ikaonekana kwamba boti zinapowaandama pomboo, muda wao wa kupumzika hupungua.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni jarife. Wavu huu wenye macho mapana hutegwa jioni, ukaachwa uelee usiku kucha, na pomboo akinaswa humo hafi kwa jeraha bali kwa kukosa pumzi, kwa kuwa ni lazima apande juu kuvuta hewa kama sisi. Jike huzaa mtoto mmoja tu baada ya mimba ya takriban mwaka mzima, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena, kwa hiyo kundi dogo la mahali pamoja haliwezi kufidia vifo vya kila msimu. Nguva, ambaye siku hizi huonekana kwa nadra sana na zaidi upande wa Rufiji na Mafia, yumo katika hesabu hiyo hiyo, na hali yake ni mbaya zaidi.

Nilipomweleza haya mzee mmoja mvuvi wa jarife pale Feri, kwenye soko la samaki la Dar es Salaam, baada ya shikamoo na mazungumzo marefu kuhusu bei ya mafuta, alinijibu bila hasira: "Mwanangu, mimi pomboo wa nini? Akiingia ananichania nyavu. Nyie mliosoma niambieni nifanyeje asiingie." Swali lake lina sehemu ya jibu, kwani vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye nyavu na kutoa mlio wa kumtahadharisha pomboo vilijaribiwa katika maji ya Zanzibar na kupunguza idadi ya walionaswa. Mzee hakuwa amewahi kusikia habari zake. Bei ya vifaa hivyo na betri zake ni kikwazo cha kweli kwa mwenye mashua ndogo, lakini huwezi kujadili gharama ya kitu usichojua kuwa kipo.

Kwa maoni yangu, sehemu ya fedha za kila utafiti ingetengwa kwa ajili ya mikutano na vikundi vya usimamizi wa fukwe, Kunduchi, Msasani na Kigamboni, kwa Kiswahili, saa ambazo mashua zimekwisha kurudi. Huko pia ndiko kwa kufundisha jambo jepesi ambalo wengi hulikosea: pomboo aliyekwama ufukweni akiwa hai asivutwe kwa mkia, ngozi yake imwagiwe maji na kufunikwa kwa kitambaa kilicholowa, na tundu la pumzi lililo juu ya kichwa liachwe wazi, lisiingie maji wala mchanga, huku maofisa uvuvi wa eneo hilo wakipigiwa simu.

Wavuvi nao wana cha kuwafundisha watafiti. Kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wa nundu wanapopanda kutoka maji baridi ya kusini kuja kuzaa, watu wa kwanza kuwaona ni hao walioko majini tangu alfajiri, na daftari moja la kuandikia tarehe, mahali na idadi, likiwekwa ofisini kwa kikundi chao, lingegharimu chini ya lita moja ya petroli.